Mchanga Uliokataa Maji

Maji yakimwagika huzoleka, mradi ujue yamepita wapi. Makena aliishi kwa imani hiyo, nayo ndiyo iliyomtuma, Jumamosi moja ya Juni, amwage maji ya rangi ya buluu ndoo baada ya ndoo kwenye nyasi za kanisa la Wakenya wa ughaibuni kule Columbia Heights, bila ruhusa ya mtu.

Ruhusa alikuwa ameshanyimwa. Jumatatu kamati ya majengo ingechimba bustani ya kupokea mvua ya paa, karibu kabisa na ukuta wa kanisa, na nyuma ya ukuta huo, chini ya ardhi, ndimo watoto walimosomea Biblia. Mwenyekiti, Mzee Wanjala, alishasema kwamba chini ya udongo ule kuna mchanga, na mchanga ni mnywaji. Kwao Bungoma hakuna asiyejua. Makena alikuwa akisomea maji ya ardhini chuo kikuu. Kwenye kompyuta aliukata uwanja mzima vijisanduku, kila kimoja na unyevu wake na kiu yake, kisha akaunyeshea mvua. Kila mara maji yaliukataa mchanga yakaelekea ukutani. Kamati ilicheka. Mama Jedidah akauliza kama kompyuta hiyo imewahi kufua nguo. Na kwa kweli hata Makena alikuwa na shaka, maana hesabu alikuwa nayo, lakini macho yake yalikuwa hayajaona.

Jumapili baada ya ibada akachimba mtaro mbele ya suti na magauni.

Kicheko kilikufa chenyewe. Katika udongo mwororo wa juu, rangi haikuenea kama chai kwenye mkate. Ilishuka vidole vidole, ikifuata njia za minyoo na mizizi, ikiyaacha madonge makavu kando. Chini yake ulilala mchanga wa chengachenga ulioachwa na barafu za kale, mkavu kama unga. Na pale viwili hivyo vilipokutana, utepe wa buluu uliteleza na mteremko moja kwa moja hadi ukutani.

Mzee Wanjala alipiga magoti na suti yake. Akachota mchanga, ukamtiririka mkononi bila kuacha unyevu.

"Maji yako juu yake," alisema polepole, "na haunywi."

"Haunywi, Mzee. Udongo mwororo una vitundu vyembamba, vinayashika maji kama kitambaa. Haviyaachi mpaka vishibe."

"Na nani aliufundisha?"

Makena aliutazama ule utepe wa buluu. Alijiona kama mtu aliyeandikiana barua na mgeni miaka mingi, leo mgeni kasimama mlangoni, mkubwa kuliko barua zote.

Mama Jedidah ndiye aliyewarudisha duniani. Nyasi alizozitunza kwa picha za harusi ya bintiye, alisema, sasa zina rangi ya sare ya shule. Watu wakaguna. Mzee Wanjala akainuka, akajipangusa magoti, akatafuta njia ya amani: Makena aombe radhi mbele ya kanisa, yaishe.

"Neno moja tu, binti yangu."

Makena aliona mambo yatakavyokwenda. Radhi ikitoka, mtaro utafukiwa, jambo lote litaitwa utundu wa msichana, na Jumatatu majembe yatarudi palepale.

"Nyasi zitaota, Mama Jedidah," alisema. "Lakini radhi siombi. Si kwako, si kwa kamati, si mbele ya kanisa."