Bibi wa Jioni

Mashuka ya hoteli hukunjwa na watu wawili. Mmoja hushika pembe mbili za huku, mwenzake pembe mbili za kule, wanalivuta shuka mpaka linyooke, kisha wanasogeleana na kukabidhiana pembe, na hapo vidole vyao hugusana. Mpiga pasi alifanya kazi hiyo kutwa nzima katika chumba cha chini cha hoteli, ambamo mashine ya kunyooshea ilipumua mvuke na madirisha yalikuwa juu mno, hata wageni wanaopita nje walionekana viatu tu. Akirudi nyumbani alikunja tena, kwa sababu mama mkwe alikuwa na maradhi ya miguu, hawahi kufika chooni, na mashuka yake yalifuliwa kila siku. Nyumbani hakuwa na mwenzake wa kukunja naye. Alibana pembe mbili chini ya kidevu, akahangaika nazo peke yake.

Mama yake mzazi, aliyekuwa dobi wa kufua kwa mikono, alizoea kusema kwamba mtu huamka na ndoo moja tu ya nguvu, na hakuna bomba la kuijaza hadi kesho yake. Ndoo ya mpiga pasi iliishia hotelini karibu yote. Iliyosalia iligawanywa kati ya kumwogesha mama mkwe, kupika, hesabu za shule za binti yake, na mumewe. Mume alikuwa dereva wa lori, mtu mpole asiye na ugomvi na mtu, ila alipenda kusimulia yaliyomkuta barabarani, na kusikiliza nako ni kazi. Mama mzazi alikaa upande wa pili wa mji, naye alipewa ahadi. "Jumapili nitakuja, Mama, tukae." Jumapili zikapita. Ile Jumapili ambayo kweli alikuwa ameshavaa viatu, msimamizi wa hoteli alituma ujumbe kwamba kuna mfanyakazi mgonjwa, akaenda kuziba pengo. Mama alikutwa jioni amefariki. Alikuwa ameweka viti viwili karibu na dirisha, amekaa kwenye kimoja, ameelekea kingine.

Baada ya mazishi yakapita majuma kadhaa, ndipo mama akaja. Ilikuwa magharibi, mvua imetoka kunyesha, na mpiga pasi amesimama sebuleni na shuka kidevuni. Mlango ulikuwa wazi. Mama aliingia na ndala zake mkononi ili asichafue sakafu, akaziweka ukutani, akashika pembe mbili za upande wa pili.

"Vuta," alisema.

Mpiga pasi akavuta. Waliposogeleana, vidole vya mama vilikuwa vya baridi, kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba usiku kucha. Machozi yalimlengalenga, lakini shuka lilikuwa bado halijaisha kukunjwa, akaendelea.

Mume alirudi akamwona. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu." Mume akamuuliza habari za safari yake ya kuja, akajibiwa kwamba njia ni tambarare. Mama mkwe aliuliza kutoka chumbani ni nani huyo aliyeingia. Alipoambiwa alisema karibu sana, ila afunge mlango, mbu wanaingia.

Mama akakaa kwenye kiti cha dirishani, akaangalia kiti cha pili. Mpiga pasi alijua maana yake, na alitaka kukaa kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini viazi vilikuwa jikoni, maji ya kuoga yanachemka, na binti yake amekwama kwenye hesabu za kutoa kwa kukopa. Alipofika kwenye kile kiti ndoo ilikuwa kavu. Alikaa, akafungua mdomo aseme neno, usingizi ukamchukua. Alipozinduka mama hakuwepo, na kiti chake kilikuwa na unyevu kidogo. Binti akakifuta kwa kitambaa.

Ikawa hivyo kila jioni. Binti alikuwa tayari na bibi mmoja ndani, kwa hiyo huyu wa pili alimwita Bibi wa Jioni, na jina likashika. Mama alikuja, alisaidia kukunja shuka, kisha alikaa mikono mapajani, akingoja. Kungoja kwake ndiko kulikoharibu mambo. Katika nyumba ile mtu aliyekaa bila kazi alikuwa kama taa iliyoachwa inawaka mchana. Kila apitaye aliona uchungu.

Aliyeanza ni mama mkwe. Kwa adabu zote alisema, "Bibi mwenzangu, kwa kuwa umekaa tu, hebu nimenyee hivi vitunguu." Kumenya vitunguu si kazi, ni kuchezesha vidole. Mama akamenya. Kesho yake zikafuata sufuria, kisha kufagia, kisha kumgeuza mama mkwe kitandani, ambako marehemu alionekana ana mikono mizuri kuliko mtu mwingine yeyote, maana ubaridi wake ulituliza magoti. Mume aligundua kwamba Bibi wa Jioni husikiliza bila kupiga miayo. Akamhamishia habari zote za barabarani.

Mpiga pasi aliona, na alipaswa kukataa. Hakukataa. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikuta vyombo vimeoshwa. Alisimama mlangoni akatazama sahani zimepangwa zinang'aa, na moyo wake ukashuka kwa raha kiasi cha kumtia aibu. Alijiambia kwamba hiyo ndiyo njia hasa ya kukaa na mama: mama akimwondolea kazi, yeye atabakiza nguvu, na hizo nguvu ndizo atakazokaa nazo. Hesabu ilikuwa nzuri.

Lakini nguvu hazifichiki. Siku mbili tatu alifika hotelini ameamka vizuri, akamaliza mashuka kabla ya wenzake, na msimamizi, ambaye alikuwa na jicho la hayo, alimpongeza mbele ya watu wote akamwongezea vitambaa vya meza. Vitambaa vya meza ni kazi ya kuua mtu. Vina wanga, vina madoa ya mvinyo, na mkunjo mmoja ukikosewa kitambaa hurudi kwenye maji. Msimamizi alisema havina uzito wowote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mpiga pasi alirudi nyumbani mtupu kuliko zamani, akakuta mama amemaliza kila kitu, amekaa, amemwangalia. Akalala kabla ya kuvua viatu.

Mama naye alikuwa na ndoo yake. Hilo hakuna aliyelifikiria, kwa sababu watu hudhani maiti hachoki. Ilianza kwenye vidole, ambavyo ukiviangalia dhidi ya taa uliona sahani iliyo nyuma yake. Kisha viwiko. Jioni moja kikombe kilimpita mkononi kikavunjika, na mama mkwe akanung'unika kwamba bibi mwenzake siku hizi hayuko makini. Mume alilitazama jambo hilo kwa makini ya mtu anayejua kupakia lori. Alishauri kwamba labda ingefaa aanze na kazi nzito akiwa bado ana uzito, halafu hizi nyepesi zifuate. Hakuwa na nia mbaya. Kesho yake mama alianza na ndoo za maji.

Mpiga pasi alimwona akibeba. Maji yalionekana kupitia kifua chake, yakicheza. Akaelewa kwamba mama ataisha, kwa mara ya pili, na kiti cha pili bado hakijakaliwa.

Ndipo akajifunza kuchoka kabla hajachoka. Hotelini alianza kuburuta mguu asubuhi na mapema. Aliegemea mashine, aliguna akiinama, aliomba msaada wa kubeba kapu ambalo angelibeba kwa mkono mmoja. Mashuka aliyapitisha mawili mawili kwenye mashine, ya nje yakanyooka, ya ndani yakabaki na mikunjo yake, na akayapanga yale mazuri juu. Mwenzake wa kukunja aliona akanyamaza, maana naye alikuwa na mama. Msimamizi alipopita na orodha ya kazi alimtazama yule mpiga pasi aliyekongoroka, akampelekea vitambaa mtu mwingine, msichana mpya aliyekuwa bado anatembea wima. Mpiga pasi alimwonea huruma yule msichana. Hakumpa hata tone.

Jioni hiyo alifika nyumbani na karibu nusu ya ndoo. Aliificha. Alipanda ngazi akihema, akapita mbele ya mlango wa mama mkwe ameinamisha kichwa. Sebuleni mama alikuwa ameshaingia na ameanza kukunja mikono ya gauni, tayari kwa ndoo za maji. Alikuwa amebaki mwembamba kama mvuke wa chai.

"Leo usifanye kitu, Mama," alisema. "Kaa."

Mama akakaa. Mpiga pasi akavuta kiti cha pili, akakaa mkabala naye, magoti kwa magoti, macho yake maangavu, hana usingizi.

"Ulikuwa unataka kuniambia nini?"

Mama alifikiri. "Hakuna neno," alisema. "Nilikuja tukae."

Basi wakakaa. Nje mtu alikuwa anaosha pikipiki, na maji yake yalisikika yakienda mtaroni. Mama aliuliza kama ile pasi ndogo ya mkaa bado ipo, akaambiwa ipo, chini ya kitanda. Aliuliza kidonda cha moto cha pale kwenye mkono kilipona lini. Mpiga pasi akamwonyesha kovu. Wakacheka kidogo kwa habari ya jirani mmoja wa zamani aliyeanika nguo za ndani za mumewe mbele ya nyumba ili watu wajue ana mume. Kadiri walivyokaa, vidole vya mama vilirudiwa na rangi, na pazia lililokuwa nyuma yake likaacha kuonekana. Mpiga pasi alifurahi mpaka akaogopa. Aliiona furaha imejaa chumbani kama maji kwenye beseni, akashika mikono ya kiti asije akaitikisa.

Kutoka chumbani mama mkwe aliita, mara moja, kisha mara ya pili. Mume akatokea mlangoni. Alisimama hapo kidogo kwa heshima, maana aliona watu wanazungumza.

"Samahani, Mama," alisema. "Sijui leo utaanza na vyombo au na maji ya kuoga? Nauliza tu, maana naona sasa umepata uzito."

Wanawake wote wawili walinyanyuka kwa pamoja. Walitazamana. Mpiga pasi alisema ataosha yeye. Mama akamwekea mkono begani, na mkono ule ulikuwa karibu na joto.

"Kaa wewe," alisema mama. "Umetoka kazini."

Nusu ndoo ilikuwa bado ipo. Mpiga pasi aliisikia ndani yake, ikitikisika. Angeweza kuosha vyombo vyote, kuchota maji, na kumwogesha mama mkwe juu yake. Lakini kesho kulikuwa na vitambaa vya meza, maana kuchoka kwa uongo hakudumu, na keshokutwa vingine. Akakaa. Kutoka jikoni akasikia sahani ya kwanza inaingia majini, na akashukuru, na akajichukia kwa kushukuru, kisha akabaki na shukrani peke yake, kwa kuwa kujichukia nako kunakula nguvu.

Binti alikuja na shuka la bibi yake wa ndani, lililokauka. Alisimama akisikiliza sauti za jikoni, pale ambapo Bibi wa Jioni alikuwa anasugua sufuria na baba anamweleza habari za mzani wa malori. Alikuwa mtoto anayependa mambo yawe na mpango.

"Mama," aliuliza, "wewe ukifa utakuwa unakuja saa ngapi?"

Mpiga pasi aliwaza kwa uangalifu, kama mtu aliyeulizwa zamu yake. Alifikiria njia, ambayo ni tambarare, na urefu wa siku ya mtu anayefanya kazi.

"Mapema," alisema. "Kabla hujarudi kutoka kazini. Utakuta maji yameshachemka."

Mtoto aliona hilo linafaa. Alimpa mama yake pembe mbili za shuka, akashika mbili za kule, akarudi nyuma hatua chache mpaka likanyooka.

"Vuta," alisema.