Propela Iliyobaki Uvunguni

Walimwita Miguu Minne kwa sababu ya lori lake na kwa sababu ya mdomo wake. Kijiweni pa madereva alikuwa na hadithi moja tu, na wenzake walikuwa wameichoka: "Propela ya nyuma ikikatika, unaifungua, unaitupa bodini, unaingiza gia ya miguu yote. Ya mbele inakuvuta mpaka kwako!"

Asubuhi ile alikuwa amempakia mama mkwe. Mkewe alikuwa wiki ya tatu hospitali, na kabla jua halijachomoza mdogo wa mkewe alipiga simu. "Shemeji, mlete mama leo. Leo leo. Dada anamwulizia, na daktari hanitazami tena usoni." Njia ile siku za mvua magari mengine huikimbia. Tegemeo lilikuwa yeye.

Katikati ya kilima, kishindo kikalia chini ya miguu yao, kisha chuma kikaanza kujipigapiga sakafuni. Injini ilinguruma, gia ziliingia, lakini lori halikwenda. Lilianza kurudi nyuma. Akakanyaga breki, akavuta na ya mkono, akaruka chini, akasukuma jiwe nyuma ya tairi. Propela ya nyuma, ule mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini kwenye tairi, ilikuwa imekatika kwenye kiungo chake, inaning'inia.

"Nini tena, baba?" mama mkwe aliuliza dirishani.

"Kidogo tu, mama. Gari hili lina miguu minne. Wa nyuma umevunjika, wa mbele upo. Nipe nusu saa."

Mama mkwe akashusha pumzi. "Ndiyo maana nilikupa binti yangu."

Basi akaingia chini na spana, mgongo kwenye tope, akalegeza nati moja baada ya nyingine, karibu aimbe. Nati ya mwisho ilipotoka, akageuza shingo kutazama mbele. Mahali pa propela ya mbele palikuwa patupu.

Loo! Alikuwa ameitoa kwa mikono yake mwenyewe, mwaka jana, mkewe alipoanza kuugua. Ilikuwa ikilia vibaya, na kila alipoingia uani mgonjwa alishika kichwa. "Nitairudisha ukipona," alimwambia, akaifunga kwenye gunia na kuisukuma uvunguni mwa kitanda chao. Mwaka mzima amelala juu yake, na kijiweni ameendelea kujigamba nayo! Alijichukia, pale chini, kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Akampigia fundi. "Kwa tope hili? Labda kesho, ndugu yangu, mvua ikikatika."

Alitoka uvunguni mwa lori. Akasema yote, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Akashuka, akajifunga kanga kiunoni, akavua ndara na kuzishika mkononi, akaanza kupanda kilima.

"Mama, hospitali ni mbali. Kwa miguu ni kesho!"

"Kwani nikikaa hapa patakaribia?"

Alikwenda taratibu, akiteleza hatua moja kila hatua tatu. Miguu Minne akachukua kikapu chake, akamfuata, mikono imejaa grisi. Alijua hawafiki. Alijua hivyo kwa hakika ileile aliyokuwa nayo juu ya nati na boliti.

Simu ikalia mfukoni. Akaitoa. Ilikuwa imeandika: Shemeji. Tangu simu ile ya alfajiri yule binti alikuwa akituma ujumbe tu, ili kutunza chaji. Simu ikaita, ikaita, na kidole chake hakikuthubutu kuigusa.

"Ni mdogo mtu?" mama mkwe aliuliza bila kugeuka. "Mwambie amwambie dada yake anisubiri. Kilima nakimaliza sasa hivi."

Simu ikanyamaza.

"Nimemwambia, mama," alisema, akamshika mkono pale penye utelezi.