Feni Niliyoizima

Nianze kwa kusema feni ile ilikuwa kero. Ilinguruma nyumbani kwetu Kiamunyi miaka kumi na minane. Kila mara mume wangu Kiplangat alipomaliza mambo yake ya redio alinikumbusha nisiiguse kwa dakika tano. Valvu ya amplifaya, lile tungi la kioo, ikikosa upepo ingali moto hupata ufa pale nyaya zinapoingia. Nilimjibu kwamba hata sufuria zangu hupoa zenyewe.

Jumanne ile alikuwa azungumze na Arvid, rafiki yake wa Norwe. Hawakuwahi kuonana. Waligongeana nukta na mistari ya Morse redioni, na namba za simu walikataa kupeana, eti hiyo ni kuharibu mchezo. Sasa Arvid alikuwa anakufa. Kesho yake angelazwa, asirudi tena kwenye redio. Walipatana saa kumi na mbili jioni, waagane.

Saa kumi wakaja kwangu akina mama wa ushirika wa kanisa. Kiplangat alikuwa ametoka tu kujaribu mitambo, akaenda nje kukaza waya wa antena, feni ikabaki inavuma. Tuliinamisha vichwa kumwombea huyohuyo Arvid, na nikashindwa kusikia sala. Niliinuka, nikaizima kwenye soketi, nikarudi kwenye maombi nimeridhika.

Saa kumi na mbili kasorobo Kiplangat akawasha mitambo. Kioo cha valvu kikajaa moshi mweupe kwa ndani, fyuzi ikakatika. Valvu nyingine huagizwa ng'ambo, na huchukua wiki sita.

"Baba Jerop, ni mimi nilizima feni," nikasema. "Tulikuwa kwa maombi."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alivuta kiti, akaanza kugonga kwa redio tupu, bila amplifaya ya kuyapa mawimbi nguvu ya kufika Norwe. Saa kumi na mbili kamili tukamsikia Arvid akiita, safi kabisa. Kiplangat akajibu. Arvid akaita tena, vilevile, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Ikawa hivyo karibu saa nzima. Mwishowe Arvid akagonga maneno marefu, polepole, kisha kukawa kimya. Nikauliza amesema nini.

"Anaomba msamaha," Kiplangat akasema. "Anadhani redio yake ndiyo imeharibika."

Akaendelea kugonga.