Vipande vya Dele

Shangazi Khole alikuwa amechuchumaa jikoni kwetu Mawaleh, Maskati, mikono imezama kwenye ukwaju na jivu, akisugua. Kila kipande alichokisuuza kilitoka chekundu, kinang'ara.

"Shangazi, si mnunuzi anakuja baada ya sala ya Ijumaa?"

"Ndiyo maana nnasugua, mwanangu. Si wewe uliyeniletea maneno?"

Kweli, ni mimi. Niliyaokota arusini Sidab, na arusini mtu haendi kwa biriani tu, huenda na kwa habari: wakusanyaji wa vitu vya kale huitaka shaba na kutu yake. Ukishaisugua, haina soko.

Vilikuwa vipande vya babu yangu, Babu Zahor, wa dukani kwake Unguja. Miaka ya vita sarafu ziliadimika. Mtu akinunua kitu, chenji hakuna. Babu akatengeneza vipande vyake vya shaba, vyenye muhuri wa dele, birika la kahawa. Muuza samaki akavipokea, fundi viatu akavipokea, maana kila mmoja alijua akivirudisha kwa Zahor atapewa mkate, na mkate wenyewe wa moto. Shangazi, kitoto bado, akitumwa navyo kavifumbata mpaka kiganja kinanuka shaba. Vilivyobaki vilivuka bahari vimeshonewa kwenye pindo la kanga yake.

Na mwaka juzi ndugu yake mdogo, Ami Murshid, akataka viuzwe, mwanawe Wael apate gari.

Mnunuzi, Ghassan, alifika nyumba imejaa, kama kawaida yetu. Akafunua kitambaa. Akaduwaa.

"Nani kavisafisha?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Mimi, mwanangu. Mgeni aonyeshwe vitu vichafu? Kwetu aibu. Kunywa kahawa."

Alikunywa, adabu zake zote, akaaga mikono mitupu.

"Da Khole," alisema Ami, "ulijua."

"Nnajua nini mimi, kizee? Halwa hiyo, kula."

Sote tukajifanya tunakusanya vikombe, hakuna aliyetoka. Ami akachukua kipande kimoja, akaenda nacho dirishani. Chini ya dele, palipokuwa na kutu miaka yote, sasa palisomeka jina la baba yao.

"Mkono wa Baba huu," alisema taratibu. "Herufi ya mwisho kaipinda, kama alivyokuwa akitufunza."

Shangazi alisogea, akampisha akae naye mkekani.