Tangi la Wagonjwa

Kila asubuhi, kabla ya honi ya kiwanda cha chai, Yunia Nyambeki alichota maji ya tangi kwa kichupa na kuyadondoshea dawa ya kupimia. Yakibaki safi, samaki wagonjwa wa bwawa la meneja walikuwa salama. Yakigeuka manjano, amonia, sumu ya kinyesi na mbolea, ilikuwa imezidi. Basi hakuwalisha, alipunguza maji machafu na kuongeza ya bomba. Hakuyamwaga yote kwa mara moja, kwani samaki mgonjwa hastahimili mabadiliko ya ghafla.

Bomba lilitoka kwenye chemchemi ya msituni, likaishia kwenye tangi hilo. Wachumaji chai wa laini, safu za nyumba za wafanyakazi, walichota maji kijitoni, chini ya stoo ya mbolea. Masika ya mwaka 1968 yalipoiosha stoo na kuiteremsha mbolea kijitoni, watoto wa laini wakaanza kuugua. Yunia aliyapima maji ya kijito. Yakawa kahawia kama chai ya rangi. Nyapara Kipyegon alimwambia kijito hakina samaki wa meneja, kwa hiyo si kazi yake.

Binti yake Tecla alipokosa hata nguvu ya kulia, Yunia alimbeba mgongoni hadi kazini, akamvua gauni na kumshusha tangini. Mtoto alizama mpaka chini, akafumbua macho, akaanza kupumua. Samaki walisogea wakampisha.

Kipyegon aliuliza kama mtoto hatachafua maji.

"Atachafua," Yunia alisema. "Hata wewe ungechafua. Nitabadilisha."

Kufikia Jumapili, watoto walikuwa wengi kuliko samaki, na mama zao walipokezana ndoo. Meneja alilalamikia msongamano tu. Afisa wa afya alipokuja, meneja alimtembeza laini yote. Hawakukuta mtoto mgonjwa hata mmoja, na afisa akaridhika kwamba bomba la pili, la kupeleka maji laini, halihitajiki.

Afisa alipoondoka, meneja alikuja tangini. Alisema Tecla amepona, na aliyepona hurudishwa alikotoka.

"Akanywe nini huko, bwana?"

"Mama Tecla, huyu ni mtoto, si samaki."

"Mbele ya afisa hakuwa mtoto wa laini. Sasa amekuwa?"

Meneja akatamka kwamba amemfuta kazi.

"Haya, nifute. Lakini yeye hatoki."

Akina mama waliweka vikapu chini, wakaketi kulizunguka tangi. Siku hiyo kiwanda hakikupata jani hata moja. Jioni Kipyegon alitumwa kusema kwamba Yunia aendelee na kazi. Kuhusu bomba, hakutumwa kusema lolote.

Mwaka ulipokwisha, Tecla alikuwa ameota pezi dogo mgongoni. Yunia alimshonea sare ya shule yenye nafasi ya pezi hilo. Mwalimu alileta ubao kando ya tangi, akaagiza watoto wainue vichwa juu ya maji wanapojibu. Bomba liliendelea kuishia palepale.