Konzi Moja Zaidi ya Chumvi

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Kiwandani naendesha mtambo wa mgandamizo. Unapanga pakiti za nyama kwenye mtungi mkubwa wa chuma, unajaza maji, unafunga, kisha maji yanabanwa kwa nguvu ya kutisha mpaka bakteria walio kwenye nyama wanakufa. Hakuna moto, na ladha haiguswi.

Basi bakteria wakaanza kutoka hai. Mara ya kwanza walikuwa wachache, fundi akabadilisha mpira wa mfuniko, tukadhani yamekwisha. Mara ya pili maabara ikakuta wengi zaidi. Meneja akaniita, akaniambia bila kupepesa macho kwamba mzigo mwingine ukiharibika, kazi sina.

Nani alikuwa ananichimba? Jibu nilikuwa nalo palepale. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye anayechanganya nyama chumba cha pili. Tangu niolewe ananitazama kama anayekagua nguo ya mtumba. Na siku hizo alikuwa amekuwa mwema ghafla: "Wifi, umekula? Wifi, usihofu." Wema wa ghafla hunitia homa.

"Wifi yangu ananihujumu," nikamwambia meneja. "Anaitaka nafasi yangu."

"Una ushahidi?"

"Nitauleta."

Nikajibanza nyuma ya rafu ya ndoo. Wifi akapima chumvi, akaimimina kwenye nyama. Akaangaza huku na huku. Kisha akachota konzi nyingine, akaitia. Nisiseme uongo, nilifurahi.

"Nimekukamata!"

Akaruka, chumvi ikamwagika. "Wifi! Utanitoa roho!"

"Unaniharibia kazi!"

"Nakuharibia? Nakusaidia, mwenzangu! Tangu ule mzigo wa kwanza naongeza. Chumvi si inaua vijidudu? Nikasema mtambo ukishindwa, chumvi itamalizia."

"Mbona kwa kujificha?"

"Ningekwambia ungekubali? Wewe hata maji ya kunywa nikikupa unayanusa."

Nikamburuta hadi maabara. Mpimaji wetu, tunayemwita Bi Darubini, alitusikiliza, akashika kichwa.

"Jamani nyinyi! Chumvi inawadhoofisha bakteria wakikaa nayo muda mrefu. Lakini kwenye mgandamizo, ikizidi inawakinga. Wanajikaza, mtambo unawabana wee, na wengi wanatoka wazima."

Wifi akakaa chini. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyewaponya?" Akaanza kulia. Kilio cha kuigiza nakijua, na hiki hakikuwa hicho. "Niliogopa watakufukuza, wifi. Sikulala kwa kuogopa."

Aibu ilinishika mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Nikaanza kusema tuitoe ile nyama, tuchanganye upya, mambo yaishe.

Mlango ukafunguliwa. Kelele zetu zilikuwa zimemfikia meneja; aliingia na mlinzi nyuma yake.

"Ndiye huyu?"

"Amekosea tu, bosi," nikasema haraka. "Alidhani ananisaidia."

"Wewe si ndiye uliyeniambia anakuhujumu ili achukue nafasi yako? Sasa kwa kuwa ni ndugu, mmeshapatana?" Akamgeukia wifi. "Leta kitambulisho."

Bi Darubini akajaribu kueleza habari ya chumvi, meneja akamnyamazisha kwa mkono. Wifi hakuwatazama wote hao. Alinitazama mimi.

"Wifi, ulisema hivyo?"

"Ndiyo."

Akavua kitambulisho, akampa mlinzi. Kisha akavua aproni, akaikunja vizuri, akaniwekea mikononi na kutoka.