Miguu ya Mama Mkwe

Wifi mtu hakusalimia. Aliingia chumbani, akafunua shuka, akambonyeza mama yake muundi kwa kidole gumba. Alipokiondoa, pakabaki shimo kama kwenye unga uliokandwa.

"Umemlisha nini mama yangu?" alimuuliza mke wa kaka yake.

"Tunachokula sote."

"Wewe mbona hujavimba?"

Mke yule ndiye aliyekuwa akimwogesha mama mkwe tangu magoti yalipomgomea. Asubuhi uso huvimba, jioni miguu. Alishasema apelekwe hospitali, mumewe akajibu ni uzee tu. Sasa mume huyo alisimama mlangoni.

Wifi akabeba jagi la maji. "Mnamjaza kama pipa! Asipewe tena hata tone." Mama akalamba midomo mikavu.

Kesho yake walikuwa mbele ya daktari, mwanamke asiyependa kelele. Alikuwa ameshapima mkojo, nao ulitoa povu zito.

"Kwenye mishipa myembamba kuliko unywele," alisema, "msukumo wa damu hutoa maji kidogo nje, yalishe mwili. Protini iliyomo kwenye damu ndiyo huyazuia yasitoke yote. Mama figo zake zinavujisha protini kwenye mkojo. Damu imekosa cha kuyashikilia maji. Yanatoka, yanatuama nyamani, akikaa yanashuka miguuni."

"Kwa hiyo kumnyima maji..." alianza mke mtu.

"Nani kamnyima maji?" Daktari aliwatazama mmoja mmoja. "Mwili umevimba, lakini ndani ya mishipa maji ni haba. Mnataka figo zife kabisa? Punguzeni chumvi. Na leo analazwa."

"Na aliyemtilia kitu kwenye chakula je?" wifi aling'aka.

"Sumu nimeiona wapi mimi? Huu ni ugonjwa wa figo, dada. Punguza sauti."

Mke mtu alikuwa amepiga magoti, akihangaika kumvalisha mama mkwe kandambili zilizogoma kuingia. Aliinua uso. "Umesikia, mama?"

"Nimesikia." Mama alitazama pembeni. "Ila na mimi nilikudhania wewe. Ndiyo maana nikampigia simu mwanangu aje."

Mke mtu hakulia. Aliziweka kandambili sakafuni, akasimama, akajikung'uta magoti.

"Wifi, mvalishe wewe," alisema, akatoka. Mumewe alimfuata hadi getini akimwita. Hakugeuka.